Yule Yangu

Baba alipopata kiharusi, majina ndiyo yaliyoondoka. Mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukaenda upande, lakini hivyo vilirudi kidogo kidogo, kwa mazoezi na kwa kukandwa kila asubuhi. Majina hayakurudi. Aliweza kusema nataka, lete, basi, jana, kwa nini, na maneno yote yale madogo ambayo mtu hata hayahesabu kuwa ni maneno. Ila akifika mahali pa kutaja kitu au mtu, alisimama ghafla, kama msafiri aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji.

Daktari kule Mbeya alitueleza kwamba maneno bado yamo kichwani, njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika. "Msimkatize," alisema. "Na msimjibie kila kitu. Mpeni nafasi atafute mwenyewe." Mama akaitikia "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, kama anavyoitikia jambo lolote jema analoambiwa, tukamchukua mgonjwa wetu tukarudi naye Kyela.

Baba ni muuza vyombo. Duka letu liko mjini, na nyumba iko nyuma ya duka, na katikati kuna ukumbi mrefu ambako tangu utotoni nimezoea kupita nikikwepa mabeseni. Babu alitoka Kilwa akaja huku kwa biashara, akaoa, akazaa, akazikwa. Mama ni Mnyakyusa wa Makwale, binti wa wakulima wa mpunga na kokoa, aliyesilimu alipoolewa. Mimi ni mtoto wa mwisho. Ndoa yangu ilipoisha nilirudi nyumbani, nikaingia dukani na baba, na mpaka leo nipo.

Ili nieleweke katika ninayotaka kusimulia, lazima niseme kwamba baba alikuwa mkali wa lugha. Wateja wetu wengi Kiswahili ni lugha yao ya pili, na baba, ambaye hakuwa na nyingine, alijiona kama amepewa zamu ya kuilinda. Mtu akisema "nipe ile kikombe," baba alishika kikombe mkononi, akangoja. "Kile," alisema. "Kikombe ni kile." Mteja akicheka naye alicheka, lakini kikombe hakikutoka mkononi mwake mpaka kitajwe sawasawa. Wako waliokuja kumchokoza makusudi.

Jambo lililomuudhi zaidi ni "dada wangu" na "rafiki wangu." Hapa kwetu watu wengi husema hivyo, kwa kuwa Kinyakyusa kinamwita binadamu yeyote kwa namna moja. Baba hakukubali. Mtoto ni wangu, mgeni ni wangu, mjukuu ni wangu; lakini dada ni yangu, rafiki ni yangu, jirani ni yangu. Mama alimuuliza siku moja kwa nini dada, ambaye ni mtu mwenye damu, asemwe kama sufuria. Baba akafikiri, akasema, "Ndivyo ilivyo. Dada ni yangu, rafiki ni yangu, nyumba ni yangu. Wewe ndiye wangu."

"Na watoto je?"

"Haya, na watoto."

Mama alilisimulia hilo kwao Makwale kwa miaka, na kila aliposimulia alisema "dada wangu."

Basi wiki zile za mwanzo baada ya hospitali zilikuwa za kubahatisha. Asubuhi moja baba aliketi kitandani akasema, "Lete ule." Mama akamletea beseni la kunawia. Akatikisa kichwa. Akamletea shati. Akatikisa kichwa, na sasa uso ulianza kumwiva. Akamletea uji. Nilikuwa naingia kutoka dukani wakati baba anasema kwa mara nyingine, polepole, kama anavyomwambia mteja, "Ule. Ule!"

Nikasimama mlangoni. Shati lingekuwa lile. Uji ungekuwa ule, lakini uji ulikuwa mbele yake na hautaki. "Mto?" nikamuuliza. "Mswaki? Mswala?"

"Eeh!" akasema, akashusha mabega. Alitaka mswala wake.

Ndipo nilipoelewa. Jina la kitu lilikuwa limepotea, lakini nyayo zake zilikuwa bado njiani, na baba alikuwa anatuonyesha nyayo. Akisema kile, tafuta kisu, kiti, kijiko, kitambaa. Akisema lile, tafuta bakuli, shuka, dirisha. Kwa mtu aliyekulia katika duka la vyombo haikuwa kazi ngumu. Nilipita kwenye rafu kichwani mwangu mpaka nifike. Siku nyingine alisema "lete kile," nikauliza, "Kikombe?" Akasema, "Si hicho. Kile." Nikauliza, "Kiti?" "Si hicho." Hicho kilikuwa changu mimi, nilichokitaja sasa hivi, kile kilikuwa chake, kiko huko mbali alikokiacha. Niliendelea mpaka nikafika kwenye kioo. "Kioo!" akarudia, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu stendi. Alitaka kutazama mdomo wake umenyooka kiasi gani. Akautazama sana, akanirudishia kioo.

Mama hakuiweza njia hii na hakuitaka. Alisema yeye hawezi kufanya mtihani kila mtu anapotaka maji. Alitumia macho yake: akimwona baba anaangalia dirisha, anafungua dirisha. Mara nyingi alipata kabla yangu.

Kwa watu ndiko kulikokuwa kugumu. Vitu vina makundi mengi, lakini watu wote ni yule. Mjukuu ni yule, daktari ni yule, jogoo wa jirani naye ni yule. Aliyekuwa mbele yake alimwita wewe, na hilo lilitosha. Asiyekuwepo alituhangaisha.

Wakati wa kuvuna mpunga, alianza kumuulizia mtu. Ilikuwa mchana, tumemkalisha kwenye baraza ya uani, na mama ameanika mpunga kwenye turubai. Baba akasema, "Yule yuko wapi?"

"Nani?" mama akauliza.

Baba akafungua mdomo, akatafuta, akafunga. "Yule," akasema. Kisha, baada ya kimya, "yangu."

Mama akanitazama. "Anamtaka kaka yako."

Kaka yangu, mtoto wa kwanza, anafanya kazi Dar es Salaam. Tulimpigia simu, akaomba ruhusa, akaja. Baba alimfurahia kweli. Alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akamshika masikio, kama anayekagua sufuria isije ikawa na tundu. Kaka akalia. Siku mbili walikaa pamoja barazani, kaka akimsomea magazeti. Siku ya tatu, kaka yuko pale pale pembeni yake, baba akageuka akaniuliza, "Yule yuko wapi?"

"Huyu hapa, baba. Amekuja."

Akamtazama kaka, akampapasa goti, kama kumwomba radhi. "Si huyu. Yule." Akasubiri neno lije. Halikuja. "Yule … yangu."

Kaka aliumia. Jioni, tukila, alisema baba amechanganyikiwa, pengine hata hajui anamuuliza nani. "Ananiita 'yule wangu,' nikija hanijui."

"Hakusema wangu," nikamwambia.

"Alisemaje?"

"Alisema yangu."

"Kuna tofauti gani? Mtu mgonjwa."

Lakini nilikuwa nimesikia mara zote mbili, na kile kimya kilichokaa katikati. Baba alikuwa ameacha nafasi ya neno, kisha akaendelea kana kwamba neno limo. Na mtu aliyeshindana na nusu ya wilaya juu ya neno hilo moja, aliyebaki na kile na lile zikiwa sawasawa baada ya majina yote kwenda, angekosea hapo? Niliwaeleza. Anayemtaka si mtoto, maana mtoto ni wangu. Si mjukuu. Si mgeni.

Mama alikuwa akitoa miiba kwenye samaki. "Kwa hiyo hata mimi simo," akasema.

"Wewe kwake ni 'mke wangu,' mama. Humo."

"Sawa. Nimepumzika." Akaendelea na samaki wake, lakini miiba sasa aliitoa polepole zaidi.

Tukafikiri rafiki yake. Baba ana rafiki mmoja wa tangu ujana, fundi cherehani, mzee mwenye kikohozi ambaye alishaanza kuja kila Ijumaa hata kabla hatujamwita. Siku ile tulimwita rasmi. Akaja na kanzu yake safi, akakaa, akazungumza peke yake kwa saa nzima juu ya bei ya vitambaa na vijana wanaovaa mitumba. Baba alicheka panapostahili kucheka. Mzee alipoondoka, nilimuuliza, "Ni huyo, baba? Rafiki yako?"

"Si huyo," akasema baba, kwa upole, na akafumba macho.

Kaka alirudi Dar es Salaam. Usiku haukupita vibaya. Asubuhi, mama na mimi tukiwa tunageuza mpunga kwenye turubai, mama akasema bila kuniangalia, "Ziwani."

Hapo lazima nirudi nyuma.

Baba ana dada mmoja, mdogo wake, shangazi yangu. Walilelewa pamoja katika nyumba hii hii ya nyuma ya duka. Nilipokuwa bado shule ya msingi, bibi yangu, mama yao, aliugua wakati baba yuko Dar es Salaam kununua mali. Habari zilimfikia, akapanda basi. Bibi alifariki asubuhi. Shangazi ndiye aliyekuwepo, ndiye aliyemwosha pamoja na kina mama wa msikitini, na jioni ile ile bibi akazikwa, kama dini inavyotaka. Baba alifika siku iliyofuata akakuta udongo mbichi. Nakumbuka alivyosimama ukumbini na begi lake, hajaliweka chini. "Yule hakunisubiri," alisema. Hakusema dada, hakusema jina.

Na tangu siku ile akawa yule. Mwaka uliofuata shangazi aliolewa na Mkisi mmoja mpole wa Lyulilo, akahamia ziwani, akawa ananunua vyungu kwa wafinyanzi na kuwauzia wafanyabiashara wanaotoka juu milimani. Baba hakumfukuza na hakumkataza mtu kwenda kwake. Alichokataa ni kumtaja. Nasi tukajifunza kuzungumza kwa kuzunguka hilo shimo. Mama ndiye aliyekuwa hodari. Hakusema "shangazi yenu anaumwa", alisema, "Ziwani kuna homa." Baba aliendelea kula, kisha akauliza, "Wamekwenda hospitali?" Wamekwenda, kana kwamba ni kijiji kizima. "Wamekwenda." "Wapelekewe mchele." Na mchele ulipelekwa. Kwenye harusi yangu walikaa pande mbili za turubai, hawakusalimiana, lakini baba alipita jikoni akanong'ona kwa mama, "Yule amepata chakula?" Nilikuwa nimevaa shela langu, nimekaa karibu, nikasikia. Nilishindwa kujua kama lile neno ni la kumsukuma mtu mbali au la kumshikilia.

Baba alipokuwa hospitali, shangazi alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi baba akiwa hajitambui, akamkabidhi mama chupa ya uji, akaondoka kabla baba hajaamka. Mama aliniambia jioni, "Ziwani wamekuja."

"Unadhani ndiye?" nilimuuliza sasa, tumeinama juu ya mpunga.

"Mimi sijui mambo yenu ya wangu na yangu," mama akasema. "Najua tu kwamba nikimtajia watu wote wa mji huu, anasema si huyo. Na huyo mmoja hatujamtaja, kwa sababu tumeshasahau namna ya kumtaja."

Hatukumuuliza baba moja kwa moja. Tuliogopa. Labda tungetaja dada na akakasirika, moyo ukapanda, tukamuua kwa mikono yetu. Mama akasema afadhali niende kwanza.

Nilikwenda Lyulilo siku ya soko, kwa pikipiki ya kukodi, kupitia Ipinda na Matema. Mitumbwi ilikuwa imeshaingia, vyungu vimepangwa mchangani na nyasi za safari zingali zimeshikamana navyo. Shangazi alikuwa anapita katikati akivigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana chungu chenye ufa hakitoi mlio safi. Aliponiona alisimama, mkono ukabaki hewani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mjini kuna nini?"

"Mjini wazima."

"Wote?"

"Wote. Anakula, anatembea kwa fimbo."

Akashusha pumzi, akarudi kwenye vyungu vyake. Nikagundua kwamba naye miaka yote alikuwa akifanya vile vile: kwake baba alikuwa mjini.

"Shangazi, baba anakuita."

Akagonga chungu. "Ameniita kwa jina?"

"Sasa hivi hataji jina la mtu yeyote. Hata langu."

"Amesema dada?"

"Hapana."

"Basi amesemaje?"

"Amesema, yule yangu."

Akacheka kidogo, bila raha. "Yule! Hilo ndilo jina langu. Hakuhitaji kuugua ili aniite hivyo."

"Zamani alisema yule, akaishia hapo. Siku hizi anaendelea. Anasema yangu."

"Atakuwa anamtaka rafiki yake."

"Tulimleta. Amesema si huyo."

Mama mmoja akaja kuuliza bei, shangazi akamjibu kwa Kikisi, wakavutana, wakaelewana. Alipobaki peke yake alikaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, akanionyesha nikae.

"Sikiliza," akasema. "Nikienda pale, nikasimama mbele yake, akanitazama akasema 'si huyo.' Mbele ya mama yako, mbele yako. Nitatokaje katika nyumba ile? Asiponiita, najua nimekaa wapi. Nimeshapazoea."

Nilimwambia ukweli, kwamba sina hakika, kwamba tunafuata neno moja tu. Akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali kwamba sijamdanganya. Alinifungia samaki wawili wakubwa, mbasa wa ziwani, kwa majani ya mgomba, mmoja zaidi ya mahitaji ya nyumba yetu, akasema nimpelekee mama. Hakutuma salamu nyingine. Niliondoka nikiamini kwamba hatakuja.

Alikuja baada ya wiki moja hivi. Nilikuwa namchagulia mteja ndoo, nikainua macho, nikamwona amesimama upande wa pili wa barabara, anaangalia duka kama mtu anayetafuta kibao cha jina. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Nilimwacha mteja na ndoo yake. Shangazi alivuka, akaingia, akapapasa meza ya duka ambayo ni ile ile ya baba yake, akavua viatu ukumbini ingawa sisi hatuvui pale siku hizi.

Baba alikuwa barazani. Mama alikuwa uani anapepeta mchele, ungo mikononi. Shangazi akasimama mbele ya kiti, akaweka mtandio sawa.

"Haya, nimekuja," akasema. "Useme kama ni mimi, au si mimi."

Baba akamtazama. Midomo yake ikaanza kutafuta. Niliijua ile sura sasa, uso wa mtu anayepapasa gizani akijua kwamba kitu kipo, alikiweka mwenyewe. Nilijua neno lenyewe, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu mimi, lakini daktari alisema tusimkatize. Mama alikuwa ameacha kupepeta. Kuku alipanda juu ya turubai, hakuna aliyemfukuza. Baba akapiga paja kwa mkono wa kushoto, mara moja, kwa hasira. Nikaona shangazi anaanza kurudi nyuma.

"Wewe," baba akasema. Akanyoosha mkono. "Wewe. Wewe. Wewe."

Shangazi alikaa chini pale pale, kwenye sakafu, karibu na miguu yake, akafunika uso kwa mtandio. Baba aliuweka mkono kichwani kwake akauacha hapo. Mama akaweka ungo chini, akaingia jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nilitaka kuwaacha, lakini baba alinionyesha kwa kidevu nikae. Nadhani alihofia asieleweke. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Wale watu wawili walielewana kwa nusu ya maneno niliyokuwa nikihitaji mimi.

"Yeye," baba akasema. "Siku ile."

"Mama," shangazi akasema.

"Eeh."

"Nilikusubiri mpaka alasiri. Mashehe wakasema basi, joto ni kali, na uko njiani, haijulikani uko wapi. Nikasema tusubiri kidogo. Wakasubiri kidogo. Kisha wakasema basi. Ningefanya nini?"

Baba akatikisa kichwa: hakuna. Kisha akauliza, "Alisema?"

Shangazi akashusha mtandio usoni. Nilidhani atampa maneno mazuri, kwamba mama yao alimtaja, alimbariki. Wengi wangefanya hivyo.

"Nisikudanganye," akasema. "Hakusema kitu. Aliomba maji."

"Alikunywa?"

"Alikunywa yote. Akageukia ukutani, akalala."

Baba alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akitazama uani. "Maji," akasema mwishowe, peke yake, polepole, akilionja lile neno. "Maji." Nadhani ndilo alilokuwa hajawahi kumuuliza mtu. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na swali dogo hivi, ambalo aliyeweza kulijibu ni mmoja tu, na huyo hakuweza kumtaja.

Mama alitupikia wali na samaki. Shangazi alikula mkononi mwa mama, maana mama alimlisha tonge la kwanza kama bibi harusi, kwa utani, wakacheka mpaka baba naye akacheka, wali ukamwanguka kifuani.

Shangazi amekuwa akija tangu wakati huo, mara nyingi siku za katikati ya wiki ambazo hazina soko. Baba amepata nafuu, ingawa majina yanarudi kwa mpangilio wake yenyewe. Chumvi ilirudi mapema. Mwezi ulirudi. Jina la fundi cherehani lilirudi Ijumaa moja katikati ya kikohozi chake, mzee akainuka akampa mkono. Langu lilichelewa sana, na hata sasa halimjii kila siku. Neno dada lilirudi nalo, lakini lilirudi mahali pasipo pake: baba ananiita mimi dada. "Dada, lete kile." Nikijaribu kumsahihisha anakunja uso, kama wateja wake walivyokuwa wakikunja. Shangazi, baba bado anamwita wewe akiwepo na yule yangu akiwa ameondoka.

"Neno langu amekupa wewe," shangazi aliniambia, na utani wake ulikuwa na wivu ndani. "Nimelingoja nusu ya maisha yangu, amelitoa kwa mtoto."

"Nikurudishie?"

"Likae tu. Mimi najua ninavyoitwa."

Masika ya mwaka huu maji yalipanda, kama yanavyopanda Kyela kila mara mvua inapozidi, barabara ya Matema ikakatika, na shangazi akakwama kwetu. Analala katika chumba alimozaliwa. Mchana wanakaa barazani wawili, mvua inapiga bati, na mimi nikitoka dukani kuwapelekea chai nasikia vipande vya mazungumzo. Baba huanzisha: "Wale …" na mkono unaonyesha upande wa kaskazini, au wa zamani, sijui. Shangazi humtajia watu. "Wale wa mashine ya mpunga?" "Si hao." "Wale mapacha wa msikitini?" "Si hao!" Wakati mwingine anajua kabisa ni kina nani, na anakosea makusudi ili wafike polepole.

Jana nilipowapelekea chai, baba alikuwa amesema "wale" mara moja tu, hajaonyesha upande wowote, na shangazi alikuwa tayari ameegemea nguzo ya baraza, anafuta machozi ya kicheko.

"Mpaka chini ya kitanda!" alisema.

"Na yule nje anagonga," baba akasema, akacheka mpaka ikabidi nimshikie kikombe.

Nilisubiri kidogo kama wataniambia wale ni kina nani. Hawakuniona. Nikaweka sinia kwenye kigoda, nikarudi dukani. Kulikuwa na mteja anaita.